Maharusi wa Miwa

Kwa kaka yangu mpendwa Wagiyo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kalimantan, na kile kifua chako kimepona. Sisi tunajikongoja, na shida yenyewe ni Baba.

Kiwanda cha sukari alichokitumikia hadi kikafungwa sasa ni jumba la sanaa. Kwenye matanuri wanauza kahawa, nami nakata tiketi mlangoni. Kwa ufunguzi, meneja wetu, Bi Anindya, alimwomba Baba aongoze harusi ya miwa kama zile za kufungua msimu zamani. Alifurahi kupita kiasi. Alifunga siku nzima, akawavika maharusi wale wawili, muwa dume na muwa jike, akawasindikiza kwa ngoma hadi kinuni ili wakamuliwe kwanza, kinu kishibe.

Kumbe kinu kimechomelewa, hakizunguki. Bi Anindya akawaweka maharusi ndani ya kabati la kioo wapigwe picha. Baba akapaza sauti, “Jamani, mnakiandalia kinu karamu halafu chakula mnakifungia kabatini? Kitakula nini, sisi?” Wageni wakacheka na kupiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Niliona aibu mpaka machozi.

Unajua anavyoamini: miwa iliyoozwa isipokamuliwa, kinu hujitafutia mtu. Tangu siku ile hakugusa chakula. Nilipombembeleza alisema mimi ndiye ninayeshinda mle ndani, na kama kinu kinataka mtu, basi kimchukue yeye, kiniache mimi. Nilimwomba Bi Anindya aitoe miwa, akanijibu, “Ah, Ratmi, mambo ya wazee hayo, yatapita tu.”

Kaka, hayakupita. Jana Baba alishindwa kuinuka kitandani. Basi leo asubuhi, kabla hatujafungua, nimevunja kile kioo, nikawabeba maharusi hadi kwa Mbok Jumirah, muuza maji ya miwa langoni, awapitishe kwenye mashine yake ya mkono. Alianza kucheka, “Leo unanikamulisha harusi, wewe!” Alipouona uso wangu aliwatia mashineni.

Nimempelekea Baba glasi. Ameniuliza kama kinu kikubwa kitakubali kulishwa na kinu kidogo. Nimemwambia kitakubali, ingawa sijui. Amemwaga kidogo sakafuni, akanywa iliyobaki, kisha akaomba wali.

Walinzi wanamtafuta mwizi. Nikimaliza kuandika nakwenda kujitaja, na kazi najua sina tena. Baba amekataa katakata niingie mle peke yangu. Amesimama kwa kujishikilia mlangoni, amevaa kofia yake, ananihimiza nifanye haraka.

Msalimie shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba yetu.

Mdogo wako akupendaye,
Ratmi