Mfereji wa Mbarouk

Jadida, Wete, Pemba

Kwa dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Hujambo, dada? Na mguu je, umeanza kuukanyagia? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila chakula hakinishuki kama zamani. Umeniuliza kwa nini nimenyamaza miezi miwili. Nilikuwa sina la kukuandikia ila hili, na hili nilikuwa naliogopa.

Kazi iliyonileta huku unaijua. Serikali inataka kulipanga upya bonde la mto ulio nyuma ya mji huu, ili maji yafike kwenye makonde ya mpunga ya chini, ambayo hukauka. Kabla ya kupanga, ijulikane kwanza nani wanayatumia maji tangu zamani, kwa mfereji upi na kwa haki gani. Mimi ndiye karani: natembea na sheha, mkubwa wa kijiji, nauliza, naandika. Sisi wa Makunduchi tumezaliwa juu ya mawe, mto hatuujui. Basi nilikuwa naona raha kuwasikia watu wanavyorithishana zamu za maji kama wanavyorithishana mikarafuu.

Mfereji wa mwisho ulikuwa kwa Bi Raya, mjane anayekaa peke yake ubavuni mwa kilima. Ulikuwa mkavu, majani yamefika kiunoni, na pale unapotoka mtoni umezibwa kwa mawe. Tulimkuta amekaa ukingoni anasuka ukili wa mkeka.

"Bibi, mfereji huu una mwenyewe?"

"Unaye. Mwanangu Mbarouk."

"Yuko wapi, nimuulize?"

"Yumo humu humu."

Nilidhani anasema yumo kijijini. Jua lilikuwa kali, na safari ya kurudi Wete ilikuwa bado mbele yangu. Nikaandika: Mwenyewe hakuonekana. Mfereji umeachwa, hautumiki. Sheha alinitazama kama mwenye neno, kisha akaangalia pembeni.

Bwana mpimaji, mkubwa wangu wa kazi, aliposoma daftari langu alifurahi. Mfereji usio na mtu, tena uliokwisha kuchimbwa nusu! Akauchora katika ramani kuwa ndio mfereji mkuu wa bonde zima. Vibarua wakaanza kuuchimba uende chini zaidi.

Siku ya tatu, asubuhi, nikaitwa mbio. Niliwakuta vibarua wote wamepanda juu. Chini, kwenye udongo wa mfinyanzi, palikuwa na mifupa ya mtu, na kando yake jembe lililoliwa na kutu.

"Ndiye Mbarouk," sheha akasema.

Hapo ndipo nilipoelezwa. Wakati wa vita vya Mjerumani, masika yalipokuwa makubwa, kijana yule alikuwa akizibua mfereji wao, kilima kikamporomokea. Walichimba siku nyingi, wasimpate. Mwisho shehe wa msikiti akamsalia pale pale juu ya udongo, na mama yake akaomba maji yazibwe yasimpitie mwanawe. Wakayaziba. Tangu siku hiyo hakulima mpunga tena.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza sheha.

"Bi Raya mwenyewe kanena mbele yako. Mie nikajua umesikia."

Dada, wewe ndiye uliyenifunza kusema. Vipi mtu aniambie "yumo", nami nisisikie?

Mifupa ilikusanywa, ikavikwa sanda, ikasaliwa na kuzikwa makaburini kwa heshima zote. Watu wa bonde hili siku hizi hawasalimiani kwa ajili ya vyama vyao vya siasa, hata dukani wanasusiana, lakini jeneza lile walilibeba wote. Nilimwomba Bi Raya radhi mbele yao. Akanishika mkono, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Yaache maji yapite. Watu wapate kula."

Basi yanapita. Bwana mpimaji amenisifu, na makonde ya chini yamekuwa kijani kitupu. Nilimwomba anibadilishie lile neno langu katika daftari. Akasema halina madhara tena, niliache. Nami kila nikilifungua daftari nalikuta neno hilo, kwa mwandiko wangu mzuri: hautumiki.

Wiki iliyopita nilipita kwa Bi Raya alasiri. Nilimsikia kabla sijamwona. Amekaa pale pale ukingoni, anazungumza na mwanawe. Majirani wanasema ndivyo afanyavyo kila siku kwa miaka yote hii. Nikamwambia, "Bibi, Mbarouk si yuko makaburini sasa?"

"Huko wamempeleka," akasema, "lakini mie mazungumzo yetu ni hapa."

Akaendelea. Ila sasa maji yana kelele, dada, na sauti yake ni ya kizee. Inambidi apige ukelele ili asikike.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo wa ng'ambo ya msikiti, na fundi cherehani, mwambie kanzu yake bado naivaa. Watoto wabusu wote. Niombee dua, dada, kwani kesho naanza bonde jingine.

Mdogo wako akupendaye,
Haji