Stika ya Namba Saba

Jumatatu, 9 Juni. Musoma

Prosesa ya kompyuta yangu imeungua. Amethibitisha Bhoke, fundi wangu wa Bunda, kwa simu, saa tatu asubuhi. Ya aina yake haipatikani tena. Diski ni nzima. Picha zote za video nilizopiga Bukima zipo.

Kamati ya ardhi inakaa Butiama Ijumaa saa nne. Itajadili kama uwanja wa kuanikia dagaa Bukima ugeuzwe maegesho ya malori. Wanawake wanaoanika pale hawakuitwa. Mwenyekiti amekubali kuangalia video yangu, ikifika kabla ya kikao. Nilimwahidi Mama Nyasatu, msemaji wao, kwamba itafika.

Siku nne. Sina kompyuta.

Jumanne, 10 Juni

Bhoke anaweza kuniunganishia mashine ya mezani: prosesa i5, kizazi cha kumi na mbili. Itachukua siku nzima. Magesa, mwenye duka pale Iringo, ana laptop ya i7. Ipo tayari. Stika inang'aa.

"Saba na tano, ipi kubwa, mwandishi?" Magesa aliuliza. Wateja wakacheka.

Najua kinachopimwa kwanza ni kizazi. Bhoke alishanifundisha: i7 ya zamani inaachwa mbali na i5 mpya. Ilitosha kuiwasha na kusoma ukurasa wa mfumo. Dakika moja. Sikufanya. Magesa ni rika langu, tulitoka jandoni siku moja. Mali ya mwenzio wa rika huikagui mbele ya watu. Ni tusi.

Nimeichukua.

Jumatano, 11 Juni

Nimemaliza kukata na kuunga picha saa saba mchana. Nikaiamuru itoe video. Muda uliobaki, ikaandika: saa thelathini na moja. Ikachemka, ikazima. Nikarudia. Ikazima.

Nikafungua ukurasa wa mfumo. Ni i7 kweli. Kizazi cha pili. Stika ni ya kizazi cha kumi. Nimeikwangua kwa ukucha. Chini yake kuna gundi ya stika nyingine.

Nawaambiaga waandishi wapya: habari moja, vyanzo viwili. Mimi nimenunua kwa chanzo kimoja, tena cha kubandikwa.

Nimempigia Bhoke aanze kuunganisha. "Ungesema mapema, kaka," alisema. "Stika hata mimi ningekubandikia. Hata ya i20."

Mama Nyasatu naye kapiga. "Imeisha, mwanangu?" Bado, nikamwambia. Akashukuru, akakata simu. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 12 Juni. Bunda

Asubuhi nilikuwa Iringo. Nilisubiri wateja watoke, nikaiweka laptop mezani, nikamgeuzia Magesa ukurasa wa mfumo. Alisoma mara mbili.

"Nilichukua mzigo mzima," alisema. "Nilisoma stika, kama wewe."

"Hukukagua?"

"Aliyeniuzia ni rika letu."

Namwamini. Sina ushahidi wa kinyume. Akafunga duka, akanileta Bunda kwa gari lake. 

Mashine ilikuwa tayari. Magesa ndiye aliyemwambia Bhoke, "Dada, iwashe tusome." Tukasoma wote watatu. Kizazi cha kumi na mbili.

Nikahamisha kazi, nikaiamuru itoe video. Dakika arobaini. Kwenye asilimia themanini na tano umeme ukakatika. Bhoke akatazama betri yake ya akiba: dakika sita. Kazi iliyobaki: dakika sita. Magesa akazima feni, kisha taa. Bhoke akazima hata chaja ya simu yake. Betri ilianza kulia kwenye asilimia tisini na sita. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ikafika mia. Nikanakili kwenye flashi mbili. Nimezifungua zote mbili, nikaangalia kila moja hadi mwisho.

Ijumaa, 13 Juni. Butiama

Nimemkabidhi mwenyekiti flashi saa tatu na dakika ishirini. Nimesubiri nje. Mlango ulifungwa, lakini sauti ya Mama Nyasatu kutoka kwenye video ilipenya dirishani, ikieleza jua la Bukima na mchanga unaoharibu dagaa wakianikwa kwingine.

Kisha nimempigia simu Mama mwenyewe, Bukima.

"Wamekubali?"

"Sijui, Mama. Wameiangalia hadi mwisho."

"Basi nimefika," alisema.

Magesa ametuma ujumbe: ameng'oa stika zote dukani.

Uamuzi utasomwa Jumatano, 18 Juni, saa nne asubuhi.