Chai Kabla ya Sindano

Area D, Dodoma
18 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Huku tuko salama, wasiwasi ni juu yenu: mgongo unasemaje, na mbuzi kashazaa? Barua hii nimempa konda wa basi, maana kwenye simu ningelia, nawe ukisikia nalia huli wala hulali.

Mama, ile damu tuliyotoa hapo uani kwako haifai. Ya watu wote thelathini na nane. Kule maabara ya chuo, Chimwaga, nilipozungusha chupa kwenye mashine, majimaji yalikaa juu meupe kama maziwa. Hayo ni mafuta ya chakula cha asubuhi ileile. Na niliwaambia waje bila kula tangu usiku, kwa sababu natafuta mafuta yanayokaa kwenye damu siku zote, yale yanayoziba mishipa ya moyo na kuongozana na kisukari.

Profesa Dorothea, msimamizi wangu, anasema nisipopata damu nyingine hadi mwisho wa Aprili, watu wa Kondoa watatolewa kwenye utafiti, tubaki na wa mjini tu. Unajua nilivyopigania Haubi iwemo. Watu wetu wanaanguka shambani tunasema ni umri, na hakuna aliyewahi kutupima. Niambie ukweli, nani aliwalisha?

Mwanao,
Munira


Haubi, Kondoa
24 Februari 2025

Mwanangu Munira,

Marahaba. Mgongo upo tu, mbuzi kazaa mapacha, majike wote.

Ni mimi. Watu wameshuka milimani kwa miguu tangu alfajiri, wanakuja kwangu kudungwa sindano, halafu niwatazame na midomo mikavu? Wewe ukipanga vichupa vyako mbele, mimi nawapitisha jikoni mlango wa nyuma, kila mtu chai ya maziwa na chapati. Mzee Ibrahimu alinikumbusha kwamba daktari kakataza. Nikamwambia daktari nimemzaa mimi na hajui kukaribisha wageni. Samli pia niliongeza, damu ipate nguvu.

Nimeona aibu, mwanangu. Nisamehe. Lakini aibu imenipa akili. Usije Ramadhani, watu wataogopa kuishiwa nguvu katika faradhi. Ngoja Idi ipite. Wengi hapa tunafunga zile siku sita za sunna. Njoo mojawapo ya siku hizo, alasiri. Hakuna atakayekuwa amekula tangu daku, na mwenye saumu halishwi, hata na mimi.

Mama yako,
Sikudhani


Area D, Dodoma
28 Aprili 2025

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Nilifika salama, na ile futari uliyotufungia tumeila siku mbili.

Imekubali, mama. Chupa zote za safari hii, majimaji ya juu yametoka safi, ya manjano, unaona hadi upande wa pili. Nilicheka peke yangu maabara hadi mlinzi akachungulia. Profesa Dorothea amezikagua moja moja akasema Kondoa inabaki. Nina furaha nashindwa hata kukaa.

Sasa jambo la pili. Damu hiyohiyo tuliipima na sukari, na ya watu watano imepanda, nami nimeshamwandikia kila mmoja barua yake aende zahanati. Wa tano ni wewe, uliyejipanga mwisho wa foleni. Imepanda kidogo, tumeiwahi. Ukipunguza samli na chai ya sukari, ukatembea, ukahudhuria zahanati, utaimudu. Nilitaka nirudi huko nikwambie ana kwa ana, nikashindwa. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Munira


Haubi, Kondoa
9 Juni 2025

Munira wangu,

Marahaba. Nasikia umemlalamikia kaka yako Bashiri kwamba mama amekasirika, hajibu. Sijakasirika. Nilikuwa natembea. Kila asubuhi napanda hadi kisimani na kurudi, na Mzee Ibrahimu anafuata nyuma akihema na kunung'unika, maana na yeye ni wa barua yako. Hao wengine watatu walijifichua wenyewe walipotuona, sasa tuko watano. Tunacheka njia nzima.

Siku ya kwanza nilisoma barua yako nikalia. Ya pili nikawaza kwamba ningejua lini, kama si wewe? Nikafunga kanga nikatoka.

Leo nimerudi zahanati kupima tena. Sukari imeshuka. Nesi mwenyewe ni mgeni hapa, akaanza kunieleza polepole kwamba kipimo hiki mtu haji akiwa amekunywa chai. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni mtu wa utafiti. Nidunge."

Mama yako,
Sikudhani