Yoga ya Vaidehi na Pohe Zangu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanza yoga. Mwalimu ni Vaidehi, mwanangu wa kumzaa, niliyembeba kwenye tumbo hili hili ambalo leo limekataa kukunjika. Cheti chake tumekitundika sebuleni, wa kwanza kati ya wanafunzi arobaini. Mimi niliishia darasa la saba, na mwanangu anafundisha watu wenye digrii namna ya kuvuta pumzi!

Kabla hatujatoka nyumbani alinipa masharti. Darasani yeye ni Mwalimu na mimi ni mwanafunzi kama wengine. Nisimsifu mbele za watu. Nisimwite Shomoro. Nikakubali yote. Dakika ya kumi tukaambiwa tuinamie vidole vya miguu, mimi nikaishia magotini, ikanitoka tu: "Shomoro, mgongo!" Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

Tulikuwa saba. Hilo ndilo linaloninyima raha. Mzee Kelkar na klabu yake ya kucheka — wale wastaafu wanaosimama duara bustanini kila asubuhi wakicheka kwa nguvu, eti ndiyo mazoezi — mvua ikianza watakosa pa kusimama. Wanautaka ukumbi wetu, saa ile ile ya kumi na mbili asubuhi. Kamati ya majengo yetu manne imeamua kwamba katibu atakuja Jumapili tarehe 30 kuhesabu vichwa. Tukifika ishirini, ukumbi ni wa Vaidehi. Tusipofika, wazee wakacheke humo.

Mwalimu ametuambia sisi tunaoanza tuandike kila siku mwili unasema nini. Wangu unasema niuache.

Jumatano, 5 Juni

Mapaja yanawaka. Ngazi nimeshuka kinyumenyume.

Lakini leo! Tumeambiwa tuchuchumae, nyayo zote chini, visigino visiinuke. Wale wasichana wa ofisi za kompyuta, wenye suruali za kubana na mikeka ya bei mbaya, wakaanguka mmoja mmoja kama magunia. Mimi nilikuwa nimepitisha sari katikati ya miguu na kuichomeka nyuma, kama bibi yangu akienda shambani. Nikachuchumaa nikatulia. Miaka arobaini nachambua mboga hivyo hivyo. Mwalimu akasema, mtazameni huyu mama, huo ndio mkao wenyewe. Huyu mama! Kama vile hanijui. Nimerudi nyumbani nikamchuchumalia baba yake jikoni mpaka chai ikachemka.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua imeingia. Jana, kwenye mkao wa mti, Mama Tushar wa ghorofa ya pili aliona kizunguzungu akaniangukia. Njaa tu, maana Mwalimu anataka tuje na tumbo tupu. Kwa hiyo leo nimebeba hotpoti ya pohe, ule mchele bapa ninaoukaanga na kitunguu, karanga na bizari, juu nikamwaga giligilani na ndimu. Ni za kula baada ya darasa, siyo kabla. Sijavunja sharti lolote.

Zimeisha kabla sijatafuta kijiko changu.

Jumatano, 12 Juni

Tumefika kumi na sita. Vaidehi amerudi nyumbani akiimba. Nimefika chini ya magoti.

Jumatatu, 17 Juni

Ishirini na wanne. Na nani kaja? Mzee Kelkar! Ameingia darasa likikaribia kwisha, tukiwa kwenye mkao wa maiti, ule wa kulala chali kimya. Akavua viatu, akalala. Alipoambiwa aamke, akaamka, akala sahani mbili. Nimemuuliza vipi, mzee, umehamia kwetu? Akasema hapana, huo mkao mmoja ndio anaouweza, na tena ameujulia hapa hapa.

Natoka dakika tano kabla ya mwisho ili nikapashe moto chakula. Mwalimu ananifuata kwa macho.

Ijumaa, 21 Juni

Siku ya Yoga Duniani. Thelathini na mmoja! Mwanangu kasimama mbele na suruali nyeupe, sauti yake imetulia kama maji kwenye mtungi. Nimepika kilo mbili na nusu. Mama Tushar akanong'ona, Mama Vaidehi, huyu mtoto kakupita. Nikamjibu kanipita tangu alipokuwa na miaka mitatu.

Nyumbani Vaidehi kaniwekea kichwa begani. Kaniambia mwanzoni aliogopa hajui kufundisha, ila sasa anaamini anajua. Nimelia kidogo, nikasingizia kitunguu.

Jumatatu, 24 Juni

Siku mbaya. Saa kumi na moja alfajiri gesi imekwisha, na mtungi mwingine ulikuwa hauji mpaka jioni. Nimekwenda mikono mitupu.

Mlangoni wananiuliza leo hakuna? Nikasema hakuna. Wawili wakageuka pale pale, mwavuli hata haujafungwa. Wengine sijui walipata habari wapi, hawakutokea kabisa. Tumebaki tisa. Vaidehi alikuwa amesimama dirishani. Ameona yote.

Kafundisha mpaka mwisho, hakukosea hata neno. Nyumbani ndipo aliponiuliza.

"Mama, hawa watu wanakuja kwangu au kwa sufuria yako?"

Nikawaka. Nikamwambia nimeamka alfajiri wiki mbili kwa ajili yake, nimekata vitunguu mpaka macho yakavimba, na ishirini ni ishirini, katibu hataulizia matumboni mna nini. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema polepole:

"Usipike mpaka Jumapili. Nataka kujua."

"Na ukumbi ukienda?"

"Uende. Lakini nijue."

Nikaufunga mfuko wa mchele nikaurudisha kabatini.

Alhamisi, 27 Juni

Kumi na moja.

Mikono inaniwasha. Baba Vaidehi ananishauri nipike kimya kimya, yeye atakaa na hotpoti chini ya ngazi, na katibu akishahesabu basi tunafungua. Nilifikiri sana, sitaki kusema uongo. Niliuosha hata mchele. Kisha nikaukaanga tukaula wenyewe, yeye sahani tatu, mimi moja.

Jambo moja nimeligundua kwa kuwa sina tena chakula cha kupasha. Leo nimekaa mpaka mwisho. Ule mkao wa maiti sikuwahi kuumaliza hata mara moja! Vaidehi anapita katikati yetu bila viatu, anasema kwa sauti ya chini, legeza taya, legeza ulimi. Ulimi wangu mimi, ukalegea. Nilisikia mvua tu na hatua zake. Nilipofumbua macho wote walikuwa wameshakaa, na hakuna aliyeniamsha.

Huyu mtoto anajua kazi. Siyo kwa sababu ni wangu. Anajua.

Jumapili, 30 Juni

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Naandika hapa hapa kwenye ngazi ya ukumbi, mwavuli begani. Sijapika. Katibu yuko ndani na karatasi yake, kaketi kama yuko kwenye mtihani.

Nahesabu ndala mlangoni. Mama Tushar. Wasichana wa kompyuta, watano, mmoja kaja na dada yake. Yule mkunga wa jengo la tatu, katoka zamu ya usiku, hajalala. Kila anayepita naona mdomo wangu unataka kumwambia kitu, naufumba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza pohe.

Kumi na tisa, mimi nikiwemo. Nimehesabu mara tatu. Kumi na tisa.

Vaidehi amechungulia, kaona kidole changu kiko hewani. Hakuuliza ni wangapi. Kaniambia niingie, anaanza saa kumi na mbili kamili. Ndani naisikia pumzi ya kwanza, wote pamoja. Sipendi kuikosa.

Mzee Kelkar huyo anakuja, suruali imelowa mpaka magotini. Wazee wenzake wamejipanga ng'ambo, chini ya paa la maegesho, wanasubiri katibu atoke. Kasimama mbele yangu. Ameuliza kama leo kuna chochote. Nimemwambia hakuna, mzee, leo ni yoga tu. Kaniuliza tuko wangapi. Nimemwambia ukweli.

Amewatazama wenzake. Ametazama ndani, mikeka imetandikwa na taa imepunguzwa. Ameegemeza mwavuli ukutani. Sasa ameinama, mkono uko kwenye kamba ya kiatu, na kutoka hapa nilipo sioni kama anaikaza au anaifungua.