Kata Isiyopinda

Tampere, Jumapili

Dada Raili, huko wodini Oulu,

Theluji imeanza kuyeyuka, na paka wako anazidi kunenepa hapa kwangu. Habari yenyewe ni hii: plastiki yako imeshinda.

Unaikumbuka kata ya kumwagia maji juu ya mawe ya moto ya sauna, mliyoitengeneza maabarani kwenu kwa plastiki ya asidi ya laktiki ili ikichakaa ioze. Mwaka jana ilijikunja kwa joto kama soksi mbele ya Taisto, anayegharimia utafiti wenu. Jana alirudi, akasema ikipinda tena maabara inafungwa.

"Kata yenu hupiga magoti kabla mgeni hajaketi," alitania.

"Kaa nayo benchi la juu kwenye joto kali, bosi, tuone nani atakimbia kwanza," akamjibu Venla, mwanafunzi wako.

Safari hii Venla aliitengeneza upya kwa mchanganyiko wako wa aina mbili za asidi hiyo, ule uliochekwa. Niliingia saunani pamoja na Venla na Taisto. Kipimajoto kilionyesha nyuzi tisini. Taisto alimwaga maji mpaka masikio yakamwiva, kisha akatoka mbio, akajitumbukiza ziwani kwenye tundu la barafu. Kata ilibaki juu ya benchi, imenyooka.

"Haya, nimeshindwa na kata!" alipiga kelele kutoka majini. "Leteni mkataba!"

Amesaini.

Majibu ya vipimo vya mapafu yako yakitoka, niandikie yote, usinifiche neno. Kata ile ile imo katika kifurushi hiki. Sauna ya wagonjwa hapo hospitalini iko ghorofa ya chini, nimeshauliza.

Mdogo wako,
Oiva