Shimo la Wasirikwa

Chebet mjukuu wangu,

Chamgei, hujambo huko Doha? Huku Kiptere tuko salama na chai imechipuka vizuri.

Umeuliza nilifanyaje ndoa yangu ilipovunjika, kwa sababu sasa na yako imevunjika. Nilirudi kwa baba, nikawa nachunga ng'ombe. Siku moja upepo wa baridi ulivuma, ng'ombe wakateremka kwenye lile shimo pana. Wasirikwa, watu wa kale, walilichimba liwe zizi. Nikawafuata, upepo ukatupita juu. Nikawaza: Wasirikwa hawa walihama zamani, hata majina yao hatuyajui, na leo wamenikinga.

Jioni nilisikia njaa, mara ya kwanza tangu nirudi. Mama alinipakulia ugali wa wimbi akaniongezea mursik, maziwa ya kuganda ya kibuyuni, bila kuuliza kitu.

Shimo bado liko, Chebet. Umekula leo?

Gogo, nyanya yako