Mlango wa Baridi Nyuma ya Zulia la Harusi

Dada Zuura mpendwa, nakuandikia nikiwa na furaha nyingi na aibu moja, na aibu hiyo moja imenishinda, nishike mkono.

Nina miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari, na miezi minne iliyopita niliolewa na Urmat, na kama ungemwona, Dada, ungejua kwa nini siku hizi nacheka peke yangu nikiosha vikombe, maana ana kope ndefu kama za ndama, na akiingia ndani na theluji mabegani hunitafuta kwa macho kabla hajavua viatu. Kazi yake ni kupima nyumba kwa kamera ya joto, ile inayoonyesha baridi inapopenyea, penye joto panatoka manjano na penye baridi panatoka buluu, na ndivyo tulivyokutana, alikuja kupima nyumba ya wazazi wangu, mimi nimeegemea ukuta kwa kiganja nikimtazama anavyofanya kazi, nilipoondoka akaniita, "Dada, njoo uone," na kwenye kioo cha kamera kiganja changu kilikuwa bado kiko ukutani, kinang'aa, vidole vyote vitano. Akasema, "Umeondoka lakini umebaki." Mama yangu alikuwa mlangoni na birika, akamwambia, "Kijana, umekuja kupima ukuta au binti?" Naye akajibu, "Ukuta nimemaliza, Mama." Ningekataaje?

Sasa tunaishi na wazazi wake, pamoja na Bibi, mama mzazi wa baba mkwe, mwenye miaka themanini na minne. Majina yao sitayataja, unajua mwenyewe mkaza mwana hayataji majina ya wakwe hata kwa kalamu. Wote wananipenda, sijaja kulalamika, mama mkwe hunibakishia kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo na kusema nimekonda, na baba mkwe, mtu asiyesema, siku ya kwanza alionja maandazi yangu akala saba bila neno, Urmat akaninong'oneza kwamba hiyo ni hotuba.

Ila sikiliza yaliyotokea. Sebule yetu ilikuwa na mlango wa zamani katika ukuta wa kaskazini, unaotokea uani, upande ule ule wa mahali pa heshima wanapoketi wazee. Harusi yetu ilipokaribia baba mkwe alisema haiwezekani wazazi wangu waje kukalishwa mahali pa heshima na mlango nyuma ya migongo yao, kana kwamba wanasubiri kufukuzwa, basi akauziba kwa mikono yake kwa siku mbili, akapaka chokaa, na mama mkwe akatundika juu yake zulia la ukutani ambalo Bibi alilidarizi alipokuwa mwali, jekundu lenye maua meusi, zito, zuri mno, akasema lisishushwe mpaka mimi nipate mtoto wa kwanza. Urmat alikuwa mjini kazini, aliporudi akauliza, "Baba, umeziba vizuri?" Akajibiwa, "Kama ngome." Na kwa baba yetu neno likishatoka halipimwi mara ya pili.

Baridi ilipoanza Urmat alipima nyumba nzima, akapiga na picha ya ukuta ule, zulia likiwa juu yake, ikatoka manjano kama siagi. Akamwambia baba yake nyumba haina doa. Baba mkwe, mtu asiyesema, alisema! Aliwaambia majirani wote, na Jumapili ijayo familia kumi na mbili za mtaa wetu zinakuja kula kwetu na kuitazama nyumba, ndipo waamue kama wampe Urmat kazi ya kupima na kuziba nyumba zao, na mume wangu amefurahi hivi kwamba anapiga mluzi akivunja makaa.

Sasa Bibi analala hapo hapo mahali pa heshima, chini ya zulia, godoro lake limegusa ukuta. Tangu Novemba anakohoa. Na kila asubuhi mimi ndiye ninayekunja matandiko, na kila asubuhi godoro la Bibi ni bichi upande wa ukutani. Mama mkwe aliligusa akanivuta jikoni, akasema kwa upole, "Mwanangu, usimwambie mtu. Uzee ni hivyo. Tumpunguzie chai jioni." Na kweli tukampunguzia, Bibi anayekunywa vikombe sita sasa anapewa viwili, na hajauliza kwa nini, Dada, amejua wanachofikiri, maana siku hizi anaamka kabla yangu na kujaribu kulikunja godoro mwenyewe kwa ile mikono yake.

Alhamisi iliyopita wote walikwenda kwenye karamu ya jirani, nikabaki na Bibi. Nilikuwa nafuta vumbi, nikashika ukingo wa zulia, nyuma yake palikuwa na unyevu na harufu ya kuvu. Kamera ya Urmat ilikuwa juu ya kabati na alishanifundisha kuitumia. Nililitoa zulia kwenye misumari, nikapima, na nikauona mlango. Dada, mlango ule ulikuwa pale pale umesimama, buluu mpaka zambarau, kizingiti chake, miimo yake, mpaka sakafuni penye godoro, upana wake mdogo kuliko wa zulia lenyewe, na ukuta wa pande zote mbili hauna neno. Bila shaka Baba aliziba kwa safu moja tu ya matofali, unene wa tofali moja. Kuvu imeshuka mpaka chini.

Bibi alikuwa ameketi ananitazama. Akaniuliza, "Umeona nini, mwanangu?"

Nikafikiria uso wa Urmat, na Jumapili, na baba mkwe aliyejenga ukuta ule kwa ajili ya harusi yangu mimi. Nikasema, "Hakuna kitu, Bibi. Ukuta mzima."

Akalipapasa godoro lake. Kisha akasema polepole, "Basi ni mimi."

Nililitundika zulia nikaenda zizini nikalia hadi ng'ombe wakaniogopa. Picha ninayo. Urmat hajui. Nimefikiria kupachika kimyakimya kipande kuukuu cha feli, kile kitambaa kizito cha sufi iliyoshindiliwa, nyuma ya zulia mpaka Jumapili ipite, halafu niseme baadaye, wakati mzuri, maana nampenda mume wangu kuliko pumzi yangu na sitaki niwe mimi wa kumwaibisha mbele ya mtaa mzima, akiwa ndiyo kwanza anaanza. Je, nikingoja siku chache hizi ni kosa?

Mkaza mwana mwenye furaha, bonde la Naryn

JIBU LA DADA ZUURA

Mwanangu, hongera ya ndoa. Kabla ya kuichapa barua yako gazetini, jina la mji wako nimelifuta na jina la mumeo nimelibadili, maana kijana mwenye kamera ya joto na kope za ndama hapo kwenu bila shaka ni mmoja.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umempenda mume, umependwa na wakwe, umelia zizini, yote ni mazuri. Ila kuna mtu mmoja katika nyumba hiyo anayekohoa, aliyepunguziwa chai, na anayeamini kwamba amerudi utoto mbele ya mke wa mjukuu wake. Alikuuliza swali moja. Wewe ulikuwa na jibu mkononi, linawaka rangi, ukamnyima. Kungoja siku chache ni kosa, ndiyo. Tena kosa lenyewe lilianza Alhamisi.

Najua hukusema uongo kwa ubaya. Ulimlinda mume. Lakini umemlinda kwa kumtwika bibi yake aibu isiyo yake, na mume wa namna unayomsifia hatakushukuru kwa hilo akijua. Na atajua. Kuvu haifichiki hadi mtoto wako wa kwanza.

Hiyo feli usiithubutu. Nilimpigia fundi mmoja ninayemwamini, mzee aliyepima nyumba tangu mumeo hajaota ndevu, akacheka kwanza, halafu akakasirika. Ukipachika feli kwa ndani, joto la chumba halifiki ukutani, ukuta unazidi kuwa baridi, na mvuke wa chai yenu na pumzi zenu utageuka maji nyuma yake maradufu. Ndivyo zulia linavyofanya sasa hivi. Mumeo hakupima ukuta, alipima zulia. Kamera inaona uso wa kitu kilicho mbele yake basi, haioni nyuma. Hilo analijua vizuri kuliko mimi na wewe, ila ulikuwa ukuta wa baba yake, na zulia la bibi yake, na amri ya mama yake, kwa hiyo mikono yake ikawa mizito. Wangapi kati yetu tungelishusha?

Fundi huyo alinionya jambo jingine, na ulisikie kabla hujaenda kwa mumeo na picha yako kama polisi na pingu. Ukuta uliotoka kufunuliwa huonekana baridi hata ukiwa mzima, kwa sababu zulia lilikuwa likiuzuilia joto. Nikamsomea maneno yako: upana wake mdogo kuliko wa zulia, una kizingiti na miimo, umefika sakafuni. Akasema, "Zulia haliachi alama ya miimo. Huo ni mlango." Hata hivyo ipigwe picha nyingine, iliyo safi. Zulia lishuke jioni, jiko liwake kama kawaida, na Urmat apime alfajiri kabla jua halijagusa paa. Hapo hakuna atakayebishana, hata baba.

Urmat mwambie leo, kabla ya chakula cha jioni, mkiwa wawili. Usianze na "ulikosea." Anza na godoro. Mwambie godoro la Bibi ni bichi kila asubuhi na mama amedhani nini, halafu mpe kamera aitazame picha mwenyewe. Mwanamume anayestahili machozi yako ataelewa kabla hujamaliza. Akikasirika, mwache akasirike mpaka supu ipoe, asizidi hapo.

Baba mkwe si kazi yako. Hukupewa ruhusa ya kutaja jina lake, utapewa wapi ya kumkosoa matofali? Mwanawe atamwambia, nje, kwenye makaa, pasipo wanawake. Na asimwambie kwamba ameziba vibaya. Amwambie ukweli: aliziba kwa siku mbili kwa ajili ya heshima ya wageni, na kazi ile ilihitaji wiki. Safu ya pili ya matofali, na kati yake kitu cha kuzuia baridi, itangoja hali ya hewa ipungue ukali. Kwa sasa zulia likae chini, kuvu isafishwe, ukuta upate hewa na joto. Mama mkwe akitaja mtoto wa kwanza, mjibu kwa heshima kwamba mtoto huyo naye atahitaji mapafu.

Jumapili wasiahirishe. Waje wote familia kumi na mbili, wakute ukuta uko uchi, na Urmat awaonyeshe picha zote mbili, ile ya siagi na ile ya zambarau, na aseme kwa kinywa chake, "Hivi ndivyo nilivyokosea nyumbani kwa baba yangu, na hivi ndivyo nisivyokosea kwenu." Kila sebule ya mtaa huo ina zulia ukutani, mwanangu. Watarudi nyumbani kushika kingo za mazulia yao. Fundi anayeonyesha ufa wa nyumba yake ndiye nitakayemfungulia yangu, na wengi wako kama mimi. Wachache watacheka. Wacheke, wamekula nyama yenu.

Bibi apelekwe kwa daktari wiki hii. Kamera haisikilizi kifua. Godoro lake lihamie leo hii kwenye ukuta wa ndani, upande wa jiko, na wazee wakiuliza kwa nini ameshushwa kutoka mahali pa heshima, waambiwe hakushushwa: alipo yeye ndipo wageni waanzie kuketi. Na vikombe vyake sita arudishiwe bila mjadala.

Lakini hayo yote ni ya baadaye kidogo. La kwanza halimngoji Urmat, wala alfajiri, wala Jumapili. Piga magoti mbele ya Bibi, mshike mikono, umwambie, "Bibi, ni ukuta. Nilikudanganya. Si wewe, haijawahi kuwa wewe." Asipokujibu, kaa hapo hapo mpaka akujibu. Gazeti hili likunje sasa, yuko chumba cha pili.